Ngazi Tisa na Mlango Ulioshonwa

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi ni zuri. Saa ilisimama wiki ya pili, lakini mtu aliyestaafu anataka saa ya nini. Halafu nyinyi vijana mnaoendesha holi sasa mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi yangu, iwekwe kwenye faili, isomwe na wale watakaoajiriwa baadaye. Haya, nimeshika kalamu. Nilisoma mpaka darasa la tatu nikatolewa kuchunga mbuzi, kwa hivyo mkikuta kosa la herufi mliruke kama mnavyoruka jiwe njiani. Mkikuta kosa la kazi, hapo msimame.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo hayamfundishi mtu. Nitaandika juu ya ngazi.

Nilitoka Kasikeu mwanzoni mwa Uhuru nikiwa na miaka kama kumi na tisa. Nasema kama, kwa sababu mama alihesabu kwa ukame na si kwa kalenda. Nilikuwa nimesikia Kitui kunajengwa holi ya kuchezea ngoma na kuonyesha sinema, na wanataka watu wa kubeba mawe. Siku ya kwanza nilibeba mawe. Siku ya pili nilibeba mawe. Siku ya tatu fundi mkuu, Mzee Mulwa, aliniona nikiligeuza jiwe kabla ya kuliinua, akaniuliza natafuta nini chini yake.

"Natafuta upande wa kulala," nikamwambia.

"Nani alikufundisha?"

"Mgongo."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa tindo na nyundo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sekondari yangu. Mulwa alinifundisha kwamba jiwe linapigwa kwa kiwiko, si kwa bega, na kwamba ukitaka kujua kama lina ufa uliloweshe maji, usubiri, uone ni wapi panachelewa kukauka. Alinifundisha kuamini timazi kuliko jicho langu. Alikuwa na maneno machache na yote yalikuwa ya kazi. Akisema, "Hapo sawa," ulilala umeshiba hata kama hujala.

Mnajua holi ilivyokaa. Kilima kinateremka kuelekea soko. Upande wa mbele, unaotazama soko, sakafu iko juu ya ardhi futi nne na nusu. Upande wa nyuma, kilima kinakuja chenyewe mpaka kinalingana na sakafu. Mulwa aliliona hilo siku ya kwanza. Aliacha nafasi ya mlango katika ukuta wa nyuma, akachonga jiwe moja refu la kizingiti, la kuweka juu ya huo mlango. Jiwe zuri ajabu, limenyooka kama rula. Akasema, wazee wa kilumi, ile ngoma ya matambiko, na akina mama wenye watoto watapitia huku.

Kamati ya holi ikakataa. Walisema mlango wa nyuma utaingiza watu bila tiketi. Mulwa hakubishana na watu wa kamati, alikuwa anasema kubishana nao ni kama kupiga simiti iliyokauka. Aliniambia nizibe ile nafasi, akaondoka kwenda kujenga shule huko Mwingi. Mimi nikaziba. Ngazi za mbele nikaachiwa mimi nizimalize, kazi yangu ya kwanza bila mtu kunisimamia. Nilichonga nane kwa mkono wangu. Ya tisa, ile ya juu kabisa, nikalichukua jiwe la kizingiti nikalilaza pale, kwa sababu lilikuwa limebaki na lilikuwa zuri kuliko mengine yote. Pembeni yake nikachonga herufi K. Kilonzo.

Niwaambie ukweli, hakukuwa na ngazi kama zile Kitui nzima. Watu walipigwa picha hapo. Maharusi walitoka kanisani wakaja kusimama hapo. Holi ilipofunguliwa, kamati ikanibakisha kuitunza, nami nikabaki miaka zaidi ya thelathini. Nilijifunza kuwasha jenereta kwa kuifokea, kuunga filamu ya sinema iliyokatika, kupanga viti mia moja kwa muda wa chai moja kuchemka. Nilijifunza kwamba kikundi cha ngoma kinachosema kitafika saa nne kitafika saa saba na njaa. Na kila asubuhi nilifagia ngazi kutoka juu kwenda chini, ingawa ni za mawe na upepo ungezifagia bure.

Katikati ya miaka ya sabini ndipo alipokuja Ndunge.

Alikuwa msichana wa Nunguni. Polio ilimchukua miguu akiwa mdogo, masista wakamfundisha kushona. Kamati ilimwajiri kushona na kutunza mavazi ya wachezaji, kwa sababu kila kikundi kilikuwa kinafika na sketi zimechanika na kuniuliza mimi sindano. Alikuja kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kukanyaga kwa mikono, na cherehani ya mkono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Alisimama chini ya ngazi zangu akazitazama kutoka ya kwanza mpaka ya tisa. Nilidhani anazisifu.

"Mzee," akaniambia, na mimi sikuwa mzee bado, "mlango ule mwingine uko wapi?"

"Hakuna mwingine. Mlango ni huu."

"Sasa mimi ninaingia namna gani?"

"Si mimi nipo?" Nikageuka, nikapiga goti, nikampa mgongo.

Aliutazama ule mgongo. Kisha akasema, "Na siku ukikosa?"

"Sikosi."

Na sikukosa. Miaka kumi na moja, asubuhi kumpandisha, jioni kumteremsha. Hata nilipokuwa na malaria nilikuja nikambeba nikitetemeka, naye akaniambia, "Baba Mueni, leo mgongo wako ni jiko, ningeleta mahindi." Baba Mueni ndilo jina aliloniita, kwa ajili ya binti yangu mkubwa. Tulikuwa tunataniana hivyo. Akinusa kitunguu shingoni mwangu aliniambia nilichokula na nani alikipika vibaya. Watu sokoni walizoea kutuona, wakawa wanasema Kilonzo ana moyo. Mimi nilisikia wakisema. Nilitembea polepole ili nisikie vizuri.

Kazi aliijua kuliko wengi wetu. Mara moja watoto wa shule ya viziwi waliletwa kuona ngoma, nami nikawapanga safu ya nyuma, nikifikiri kwa kuwa hawasikii, mbele wawaachie wanaosikia. Ndunge aliniita.

"Baba Mueni, watoe pale. Walete karibu na jukwaa, wavue viatu, waketi juu ya mbao."

"Sakafu yangu nimeipaka nta jana."

"Nta utapaka tena. Ngoma inaingilia miguuni."

Nikawaleta nikinung'unika. Ngoma ilipopigwa, wale watoto walitazamana, wakaweka viganja vyao sakafuni, na mmoja wa kike akalaza shavu juu ya mbao akafumba macho. Sikupaka nta mwezi mzima. Tangu hapo nimewapanga hivyo, na nyinyi mnawapanga hivyo. Mkiulizwa nani aliwafundisha, msiseme Kilonzo.

Mlango aliniomba. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nimesikia mtu akisema eti zamani watu kama yeye hawakuomba, waliridhika. Aliomba. Ulikuwa mwaka wa pili au wa tatu. Nilikuwa nimembeba kumpeleka nyuma ya holi kuanika mavazi, akatazama ule ukuta.

"Hapa mawe yamepangwa tofauti," akasema. "Ni kama mlango ulioshonwa. Nani aliushona?"

"Mimi."

"Basi si unaweza kuufumua?"

Nikamwambia kamati hawataki, watu wataingia bure. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli siku ile waliyosema, miaka kumi kabla. Sikwenda kuwauliza tena. Kusema nilisahau itakuwa uongo, na uzee huu sitaki kuubebesha uongo. Nilijua vizuri sana. Ule mlango ukifunguliwa unataka kizingiti, na kizingiti chake kilikuwa kimelala juu ya ngazi zangu, kimeandikwa K.

Jioni moja, tukishuka, akaniambia jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno. "Baba Mueni, unajua ninachotaka? Nataka siku moja niingie kazini na mtu asijue nimeingia. Asikie tu cherehani inalia, aseme, ala, kumbe Ndunge yuko."

Nikamwambia, "Hiyo ni tabia ya mwizi."

Tulicheka. Yeye kidogo, mimi sana.

Sasa nifike kwenye siku ya makofi. Kulikuwa na mashindano ya ngoma, mchana, holi imejaa mpaka madirishani, na mgeni wa heshima alikuwa mkubwa mmoja kutoka mbali. Alituona tukiingia. Alipopewa nafasi ya kusema alisema maneno ya kawaida ya utamaduni wetu, kisha akaniita jukwaani. "Na huyo dada uliyembeba," akasema, "mlete hivyo hivyo." Nikampandisha Ndunge mgongoni mbele ya watu wote, nikasimama naye katikati ya jukwaa. Mgeni akasema, huu ndio utu, mwangalieni huyu mtu. Holi ikalipuka makofi. Sketi zilizochezewa siku ile, zote thelathini na zaidi, Ndunge ndiye aliyezishona. Hakuna aliyezitaja.

Akaniambia sikioni, "Niweke chini."

Nilimsikia. Makofi yalikuwa makubwa lakini mdomo wake ulikuwa kwenye sikio langu. Nilingoja makofi yaishe.

Nimeandika mstari huo na nikauacha hapo siku mbili kabla ya kuendelea.

Aliyenifungua macho alikuwa Mama Zubeda. Wakubwa kati yenu mnamkumbuka, aliyekuwa anauza chai na mahamri pembeni mwa ngazi. Kwao ni Waislamu wa hapa hapa Kitui tangu babu yao, na Kiswahili chetu alikuwa anakicheka kama mtu anayesikia mbuzi akihubiri. Ndunge alikuwa na desturi ya kukataa chai. Chai ya saa nne alikataa, maji alikataa, uji alikataa. Mimi nilikuwa nimempa jina la Ngamia, na wachezaji wote wakalishika. Siku moja, miaka kumi na moja tangu aje, nilimtania hivyo mbele ya Mama Zubeda. Ndunge alipokwisha kuingizwa ndani, yule mama akaniita.

"Mzee Kilonzo, hebu njoo. Wewe unadhani kwa nini Ndunge hanywi chai yangu?"

"Hapendi chai."

"Hapendi chai! Mkamba asiyependa chai umemwona wapi wewe? Jumapili akija kwangu anamaliza birika na kuuliza kama kuna jingine."

"Basi ni nini?"

Akauliza, "Choo kiko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma. Akinywa, atataka choo. Akitaka choo, atakuita wewe. Utambeba, mshuke ngazi tisa, mzunguke holi yote watu wakitazama, halafu umngoje mlangoni ukisikiliza. Basi hanywi. Asubuhi mpaka jioni, na jua la Kitui hili. Ulifikiri kichwa kinamuuma kila siku kwa sababu ya nini, sindano?"

"Mbona hakuniambia?"

"Akwambie nini, na wewe ndiye msaada wenyewe?"

Sikulala vizuri. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nawaandikia hasa nyinyi, kwa sababu mtalifanya. Niliamua kutengeneza, lakini sikumuuliza. Wiki ile Ndunge alikwenda kwao kuvuna mbaazi. Nikasema akirudi atakuta mambo. Nikajenga mteremko wa simiti kwenye kona ya mbele, pembeni mwa ngazi. Ngazi sikuzigusa hata moja. Nafasi iliyobaki ilikuwa futi kumi na mbili, basi nikapanda futi nne na nusu ndani ya futi kumi na mbili. Baadaye nilikuja kuambiwa kila futi moja ya kupanda uipe futi kumi na mbili za mwendo. Lakini sihitaji kujitetea kwa hesabu. Mkokoteni wa maji ulikuwa tayari umekataa kupanda pale, mwenye mkokoteni akaniambia, nami nikamwambia punda wake ni mvivu.

Alirudi Jumatatu. Nilikuwa nimeita watu. Fikirieni, mtu amesema anataka kuingia bila kuonekana, nami nikamwitia watu. Alitazama mteremko, akanitazama, akashika pedali za mikono. Alipanda robo. Akapanda nusu. Mishipa ya shingo ikamtoka, magurudumu yakaanza kurudi nyuma, watu wakapiga kelele, nami nikaruka nikaidaka baiskeli, nikaisukuma mpaka juu. Watu wakashangilia. Walishangilia tena.

Juu pale, alipopata pumzi, alisema kwa sauti ya chini, "Umejenga mgongo mwingine, Baba Mueni. Huu wa simiti."

"Tutaurefusha."

"Na kule nyuma, mlango ule ulioshonwa?"

Nikatazama ngazi zangu. Yeye alifuata macho yangu mpaka kwenye lile jiwe la juu, na nadhani aliielewa ile K wakati huo huo, kwa sababu hakuuliza tena.

Alifanya kazi mpaka Ijumaa. Alimaliza mavazi ya kikundi kilichokuwa kinangoja, akakunja vitambaa, akafunika cherehani. Jioni nilienda kama kawaida, nikapiga goti mlangoni, nikampa mgongo. Nilisikia akijikokota sakafuni kwa mikono. Nikangoja uzito wake. Haukuja.

"Baba Mueni," akasema nyuma yangu, "simama wima. Umenizibia njia."

Nikasimama kando. Alishuka mwenyewe, amekaa, ngazi baada ya ngazi, mkono huu, mkono ule, sketi yake ya kazi ikisugua mawe niliyoyachonga. Ngazi tisa. Mama Zubeda alikuja na kanga akamfunga miguuni. Ndunge akapanda baiskeli yake, cherehani tukaifunga nyuma, mimi nikikaza kamba na yeye akitazama mbele. Sikumwomba abaki. Nilifikiri atarudi Jumatatu. Mtu mwenye kiburi hufikiri hivyo.

Alituma barua kwa kamati, mistari miwili. Mahali pake alikuja kijana mwenye miguu yake miwili, asiyejua pindo ni nini.

Miaka ikaenda. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuja Mzee Mulwa kunisalimu, mkongwe kabisa, anatembea kwa fimbo mbili. Niliposikia yuko chini nilishuka mbio. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya kwanza.

"Kijana," akasema, na mimi nina mvi, "jiwe langu liko wapi? Lile la mlango wa nyuma."

"Liko juu pale. Ngazi ya tisa."

Alikodoa macho. "Kizingiti hukaa juu ya vichwa vya watu. Wewe umekilaza chini ya miguu."

"Kilikuwa kimebaki tu, mzee."

"Hakikubaki. Kilikuwa kinangoja." Akajaribu kuinuka apande, magoti yakakataa. Nikageuka nikaanza kupiga goti. Akanigonga mgongoni kwa fimbo, si kwa upole. "Ondoa hiyo. Nilijenga holi hii mimi. Niingie kama gunia?"

Hakuingia. Alikunywa chai ya Mama Zubeda pale chini, akaondoka. Sikumwona tena mpaka mazishi yake.

Kesho yake nilienda mbele ya kamati. Nilijiandaa kwa vita. Nilisema, naomba ruhusa kufungua mlango wa nyuma. Wakatazamana. "Kwani kuna mlango nyuma?" mwenyekiti akauliza. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku za Mulwa. "Kama unaweza kuufungua, fungua," akasema, wakaendelea na mambo ya viti. Mandazi aliyokuwa ameshika hakuyaweka chini. Miaka yote ile nilijificha nyuma ya kukataa kwa watu waliokwisha kufa.

Nilivunja ngazi yangu ya tisa kwa tindo ile ile ya Mulwa. Sikumwachia mtu. Kulitoa jiwe lile kulichukua siku nzima, kwa sababu nilikuwa nimelilaza vizuri, na katikati ya kazi nililaani ufundi wangu mwenyewe. Baada ya siku tano kila kitu kilikuwa kimekwisha: mlango wa futi tatu na nusu, kizingiti juu ya vichwa, sakafu imelingana na ardhi, njia ya simiti kwenda chooni. Ile K iko ndani ya plasta. Msiitafute.

Watu walianza kupita. Wazee wa kilumi na ngoma zao. Mama mwenye mapacha. Mwalimu mmoja wa mji wa Wote mwenye kiti cha magurudumu, aliyeingia wakati nafagia na nikamkuta ndani ameshaketi anasoma gazeti. Nilishtuka. Sikuwa nimemwona akiingia. Nikaegemea ufagio wangu pale kwa muda.

Jumapili iliyofuata nilienda Nunguni. Kule kwao ni baridi, ukungu unakaa mpaka saa nne, kabichi kila upande. Nilimkuta Ndunge kwenye kibanda mbele ya nyumba ya kaka yake, amezungukwa na wasichana sita na mashine. Nywele zimeanza kuwa nyeupe. Aliniambia karibu, akaagiza chai. Alikunywa vikombe vitatu mbele yangu. Nilihesabu.

Mlango wa nyumba ulikuwa juu kidogo ya uwanja, na mbele yake mteremko mrefu wa udongo uliopigwa vizuri, umepandwa nyasi pembeni.

"Nani alikujengea ule?" nikauliza.

"Mke wa kaka yangu. Kwa jembe."

"Siku ngapi?"

"Asubuhi moja. Chai haikuwa imechemka."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Ndunge, nimeufumua ule mlango."

Alizungusha gurudumu la cherehani kidogo, likasimama. "Kwa jiwe gani?"

"Lile la juu."

Alitikisa kichwa polepole. "Kuna mtu ameingia hapo bila kuonekana?"

"Wako. Mimi mwenyewe wananipita."

"Vizuri."

Nilimwambia chumba chake kipo, taa nzuri imewekwa, kamati itamkubali leo hii. Aliwatazama wale wasichana, akakata uzi kwa meno.

"Ningalikuja, Baba Mueni," akasema. "Mwaka ule wa kwanza ningalikuja mbio."

Nilikunywa chai yangu iliyokwisha kupoa. Nilipoinuka kuaga, nikasema usisumbuke, najua njia. Lakini kwetu mgeni haachwi atoke peke yake, na yeye ni mtu wa kwetu. Alipanda baiskeli yake, akashuka ule mteremko wa udongo bila mtu kumgusa, akaja ubavuni mwangu. Tukaenda hivyo mpaka kwenye geti, yeye akikanyaga kwa mikono, mimi kwa miguu, tukiongea juu ya bei ya kabichi.

Nilimfahamu miaka yote ile na uso wake nilikuwa nimezoea kuusikia nyuma ya shingo yangu. Siku hiyo niliuona kutoka pembeni, ukitazama njia. Mpaka getini ni hatua thelathini hivi. Nilijaribu kutembea polepole.